Sakafu ya Bi Semeni

Mama mkwe wangu, Bi Semeni, alikuwa hapendi viatu. Naanza na hilo kwa sababu mambo yote haya yaliingilia miguuni. Mjini Biharamulo, nyumbani kwetu nyuma ya chumba cha ushonaji cha mwanawe, alivaa kandambili kwa kuogopa kokoto tu, na akifika mlangoni alizivua upesi kama mtu aliyekanyaga siafu. Nilikuwa nikimtania kwamba miguu yake ina macho. Macho yenyewe yalipoanza kuingia ukungu utani ule niliuacha.

Watu wa mji walimwita Bi Semeni wa Pangani. Marehemu mumewe, mzee Abdulkarimu, alitoka Pangani kijana, akaja huku kununua ngozi na maharage, akabaki. Ukimwita wa Pangani aliitikia, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba wauzaji sokoni walimwogopa. Basi mimi nami nilijua ni wa Pangani, na nilijidai naye. Mimi jina langu Swabaha, na babu yangu alitoka Bagamoyo, habari ambayo sijawahi kumnyima mtu. Kitu kimoja tu kilinishangaza kwa mama. Alikula kwa mkono wa kulia kama sisi sote, lakini kisu cha kukatia mchicha alikishika kwa kushoto, na ukimtazama sana alikihamisha.

Mwanawe, Sabiti, ndiye mume wangu, fundi cherehani, mtu mpole mpaka anaudhi. Mwaka wa tisini na tatu Warundi walipoanza kuvuka mpaka, na mwaka uliofuata Wanyarwanda wakaja kwa malaki, mji wetu uligeuka. Malori ya misaada yalipita mchana kutwa yakielekea kambini Ngara, vumbi likaingia mpaka ndani ya sufuria, na nyumba ikawa inatetemeka. Mama alikuwa anakaa kwenye kiti cha kamba mlangoni pa chumba cha ushonaji. Kila wakimbizi walipopita kwa miguu na magodoro kichwani, alinituma niwapelekee maji, kisha akainamisha kichwa akiwasikiliza wanawake wale wakisemezana. Mimi nikadhani anatafuta thawabu. Nilibeba ndoo huku nikinung'unika, maana maji yenyewe niliyateka mimi.

Mwaka wa tisini na tano daktari alisema macho ya mama yana mtoto wa jicho, na kwamba apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe. Mama akasema kisu machoni hakitaki, na alipokwisha kusema hivyo ndiyo ilikuwa basi. Jioni ile, malori yakiunguruma nje, alisema jambo ambalo Sabiti hakulisahau. Alisema chumba chake cha Runazi kilikuwa na ubaridi mzuri.

Runazi ndiko mzee Abdulkarimu alikojenga nyumba yake ya kwanza, ya udongo, kuta nene, mabati mazito ya zamani, vyumba viwili na kijibaraza. Ndiko alikompeleka bibi arusi wake, na ndiko Sabiti alikozaliwa. Walihamia mjini mtoto akiwa na miaka mitano. Tangu hapo nyumba ilikuwa ghala la mahindi la huyu na la yule, na mwisho ikawa ya mbuzi. Sabiti alikwenda kuitazama, akarudi na kutu kwenye kofia, akaniambia ataifufua. Ataongeza vyumba viwili nyuma na jiko, atapanua baraza, na kila Jumamosi na Jumapili tutampeleka mama akapumzike mbali na malori. Alitaka mama alale tena chumbani kwake angali anaona japo mwanga wa dirisha. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Nilimcheka mume wangu, sifichi. Mtu ana nyumba mjini, anakwenda kujenga porini ili alale siku mbili kwa wiki. Nikamwita bwana mkubwa wa wikiendi. Yeye akatabasamu, Jumamosi adhuhuri akafunika cherehani, akadandia lori lililokuwa likienda upande ule, Jumapili jioni akarudi amechakaa. Akafanya hivyo mwaka mzima. Alifyatua matofali na jirani yetu wa kule, Shibuda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Boriti zilikuwa shida, maana misitu ilikuwa imeliwa na kuni za kambini, ikabidi azing'oe zile za zamani, akate sehemu iliyooza na kuunga. Polepole kicheko kikanitoka. Nilimwona usiku mmoja anashona pazia la dirisha ambalo hata fremu yake haikuwepo bado, nikaona bora nimsaidie kupiga pindo.

Kwa Shibuda alikuwepo mwanamke wa Kirundi, Niragira. Alivuka peke yake, hakufika kambini, akaomba kazi ya kupalilia mihogo na kibanda cha kulala. Alikuja na jembe lisilo na mpini na kitenge alichovaa. Sabiti alimpa kazi ya kukandika kuta, na akarudi akimsifu jinsi anavyolainisha udongo mpaka ukuta unang'aa. Mimi nikamjibu kwamba ukuta ni ukuta.

Kilichobaki ikawa sakafu. Sabiti alitaka saruji, hasa chumba cha mama, lakini miezi ile saruji yote ilikuwa inapita kwenda kujengea maghala ya kambini, na ukiipata dukani umebahatika. Ramadhani ya mwaka wa tisini na sita ikaingia, tukaamua Idi tutaila Runazi, saruji iwepo isiwepo. Mimi nilitangulia siku mbili kabla ya mfungo kwisha, niandae vyombo na vitanda. Sabiti angefuata kesho yake na mama.

Nilifika saa nne asubuhi. Nyumba ilikuwa nzuri, lazima niseme ukweli. Nilizunguka nikigusagusa milango kama mnunuzi. Nikafungua chumba cha mama, harufu ikanipokea.

Sakafu nzima ilikuwa imesiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Imekauka, imelala vizuri, ina michoro ya nusu duara iliyofuatana toka ukutani mpaka mlangoni, lakini mavi ni mavi. Sisi tulilelewa kwamba hiyo ni najisi, ikikugusa unajitwaharisha kabla hujaswali. Na humu ndani ndimo mama angetandika mswala wake. Nikamwona akilini mama yangu wa Pangani anavua kandambili mlangoni na kuukanyaga uchafu ule, siku ya Idi, baada ya mwaka mzima wa jasho la mwanawe. Damu ikanipanda kichwani.

Niragira alikuwa jikoni akimalizia mafiga. Nilimwita. Nikamwambia maneno ambayo mengine siyarudii hapa, maana nimeshayaombea msamaha. Nilimuuliza kama kwao watu hulala na ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja mbele, kisha akasema kwa Kiswahili chake alichojifunzia sokoni.

"Mama, chini ya kinyesi cha mbuzi nimekuta sakafu nyingine, ya zamani. Ilikuwa nzuri bado, pale pembeni kitandani. Mimi nimeifuata tu. Aliyeisiriba alikuwa wa mkono wa kushoto."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, yakapita. Nilimwambia aende zake, asinioneshe uso mpaka Idi iishe. Akanawa mikono, akaenda. Mimi nikachukua jembe.

Nilichimba toka mlangoni. Ile ya juu ilitoka kama ganda la mkate, lakini chini yake palikuwa pagumu, peusi, jembe likawa linaruka. Nikakazana. Nilikuwa nimefunga, jua limekolea, koo limekauka, na bado nikachimba mpaka katikati ya chumba. Hapo nguvu zikaniishia. Nikazoa vifusi, nikamwaga nyuma ya nyumba, nikalala barazani hoi, nikijisemea kwamba kesho nitamalizia nusu iliyobaki kisha nimwage mchanga juu yake.

Kesho hiyo sikuipata. Sabiti alipata lori la alfajiri, na saa tatu nilisikia honi barabarani. Mama alikuwa mbele kwa dereva, amejifunga kanga mpya, na Sabiti nyuma juu ya mzigo, amekumbatia mifuko sita ya saruji. Alikuwa amefurahi kama mtoto. Alikuwa ameipata jana yake, akaona mama alale kwanza siku za Idi, kisha amwage sakafu ya kisasa.

Tukamshika mama mkono mmoja mmoja. Alisimama uwanjani, akanusa, akauliza kama mpera wa upande wa kushoto bado upo. Sabiti akasema upo. Mama akacheka kidogo. Tukampitisha barazani, tukafika mlango wa chumba chake, na kabla sijatafuta neno la kusema alishavua kandambili na kuingia.

Hatua ya kwanza aliiweka kwenye mashimo yangu. Akayumba, Sabiti akamdaka. Akapiga hatua nyingine, unyayo ukapapasa kifusi, ukapapasa tena. Akasogea mbele polepole mpaka akafika nusu ile niliyoiacha, na hapo mguu ukatulia. Nikaona kidole gumba chake kinafuata mchoro mmoja wa nusu duara, toka mwanzo mpaka mwisho, kisha wa pili.

"Nani amechimba sakafu yangu?"

Hakupaza sauti. Nilimwambia ni mimi, mama, kulikuwa na mavi ya ng'ombe, nimeogopa najisi. Alitafuta ukuta kwa mkono, akateremka, akakaa chini pale pale kwenye hiyo najisi yangu na kanga yake mpya, akauweka mkono wa kushoto sakafuni, kiganja wazi. Kiganja kikaingia kwenye ule mchoro kikaenea.

Hapo ndipo maneno ya Niragira yaliponirudia, na nilitamani ardhi inimeze.

Mama alisema hakuzaliwa Pangani, na Pangani yenyewe hajawahi kuiona. Alizaliwa Kibimba, kule Ngara, Mhangaza mtoto wa Mhangaza, akabatizwa na mapadri jina la Felisita. Alipokubali kuolewa na Mwislamu na kusilimu, baba yake alimwambia miguu yake isikanyage tena uwanja wa kwao. Haikukanyaga. Sakafu hii aliisiriba wiki ya kwanza ya ndoa yake, kama alivyofundishwa na mama yake, akiwa na miaka kumi na saba na hana mtu wa kumlilia. Walipohamia mjini, wanawake walimcheka kila alipofungua mdomo. Ndipo akajifunza Kiswahili kama mtu anavyojifunza kushona, anafumua anashona tena, mpaka pasionekane mshono. Mtu wa kwanza alipomwita wa Pangani, hakuwa na nguvu ya kukataa.

Sabiti alikuwa amechuchumaa mbele yake. Alijua mama yake ni mtu wa huku huku, alikwisha kuotea zamani, lakini hilo jina na hiyo habari ya babu yake hakuwa amevisikia hata siku moja. Miaka arobaini na sita, na anaambiwa leo. Alilia bila kujificha. Nami nikalia, ila mimi nililia kwa aibu.

Nikauliza, kwa sauti ya chini, na swala je?

"Baba yenu alikuwa msomi kuliko sisi sote," mama akasema. "Alisema ikauke, utandike mkeka, uswali. Aliswali humu mpaka tulipohama, na Mungu hakumrudisha mlangoni."

Kisha akauliza nani aliyeifuata kazi yake vizuri namna ile, maana juu ya michoro yake ameona mkono mwingine, wa kulia, uliojilazimisha kwenda kinyume ili usiiharibu. Nilimwambia ni mkimbizi, Niragira, na kwamba nimemfukuza. Mama akaupapasa tena mchoro mmoja. Halafu akasema nimwite.

Njia ya kwenda kwa Shibuda si ndefu, lakini siku ile niliiona ndefu. Nilimkuta Niragira amekaa chini anamenya mihogo. Shibuda alikuwepo, akaniona nilivyo, akajifanya ana kazi zizini. Nilimsalimu Niragira, akaitikia bila kuinua uso.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Nimekutukana na nimeichimba kazi yako. Nisamehe. Na mama anakuita."

Akamenya muhogo mmoja. Akamenya wa pili.

"Mama yupi?"

"Yule wa mkono wa kushoto."

Akaweka kisu chini, akasimama.

Alipiga magoti mlangoni kumwamkia mama kwa Kiswahili, shikamoo, na mama badala ya kusema marahaba akamjibu kwa Kihangaza. Kirundi na Kihangaza havipishani sana. Niragira aliinua kichwa kama mtu aliyeguswa bega. Akamwita mama kwa lugha yao, jinsi mtu anavyomwita aliyemzaa, na akaenda akakaa karibu naye. Walizungumza muda mrefu. Sikuelewa chochote, na safari hii sikuudhika. Nilielewa kicheko cha mama tu, kicheko cha msichana, ambacho kwa miaka ishirini ya kuishi naye sikuwahi kukisikia. Hata Sabiti alikitazama kama mgeni.

Siku ile ile tulianza kuiziba. Shibuda alileta mavi mabichi ya ng'ombe kwenye karai, na udongo wa kichuguu, bila kuuliza swali. Niragira alichekecha majivu. Mama akachovya kidole kwenye mchanganyiko, akausugua, akasema majivu hayatoshi, yaongezwe, ndiyo yanayokata harufu na kufukuza viroboto. Kisha akapiga magoti. Nilitaka kumzuia, nikasema macho yako, mama. Akasema kazi hii haitaki macho.

Alianzia ukutani. Kiganja cha kushoto kikalala, kikasukuma, kikazunguka kwa nusu duara, kikainuka. Kimoja kando ya kingine. Hakukosea hata mara moja. Niragira alimfuata, na mimi nilisimama mlangoni nimekunja pua mpaka mama aliponiita. "Njoo, mwanangu. Si kwa vidole, kwa kiganja."

Basi mjukuu wa mtu wa Bagamoyo akapandisha mikono ya gauni, akatia mikono kwenye mavi ya ng'ombe, mkesha wa Idi. Yalikuwa ya uvuguvugu. Harufu baada ya dakika chache huisikii. Michoro yangu ilitoka vibaya, imepinda, mingine mipana mingine imesongamana, na mama akawa anaipapasa na kuirudia kimyakimya, kama anavyofanya Sabiti akikuta mshono wa mwanafunzi. Tulijitwaharisha kwa maji mengi kabla ya magharibi, tukafuturu barazani sote, na Niragira, ambaye hakuwa amefunga, alipewa sahani ya kwanza.

Siku mbili sakafu ilikauka. Mama alilala vyumba vipya, akisema yeye ni mgeni wa wikiendi kama sisi. Siku ya tatu tulitandika mkeka, tukaweka kitanda pembeni pale pale pa zamani, akaswali isha, akalala. Sabiti sijui kama alilala. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mama kabla ya chai, akamwuliza ameamkaje.

"Nimelala kwetu," mama akasema.

Saruji ilibaki kwenye mifuko yake. Sabiti aliiweka jikoni kwanza, kisha stoo, akisema ataitumia barazani. Masika yakapita, unyevu ukaingia, ikaganda ikawa mawe sita yenye umbo la mifuko. Ipo hadi leo, kuku hupanda juu kutaga.

Tulikwenda karibu kila Jumamosi kwa miaka miwili. Ukungu ukafunga macho ya mama kabisa, ila Runazi alitembea bila kushikwa mkono. Mwaka uliofuata alikubali Sabiti ampeleke Kibimba. Yaliyosemwa huko ni yao, mimi nilibaki na Niragira tukipika, lakini alirudi na mkungu wa ndizi na vumbi jekundu la Kibimba miguuni, na siku ile hakutaka kunawa miguu mpaka usiku. Kila miezi michache tulisiriba upya, watatu, na alikuwa akinisema sana. Alisema mkono wangu una haraka.

Alifariki mwezi wa mvua nyingi, katika chumba kile, Jumapili, Sabiti akiwa amemshika mkono mmoja na Niragira mwingine. Mimi nilikuwa miguuni. Nilikuwa nimeishika, ilikuwa ya baridi, na nilikuwa naisugua.

Watu walipomaliza kuhani na kutawanyika, sakafu ilikuwa imechakaa kwa nyayo za watu wengi. Niragira alileta karai. Tulianza ukutani, yeye kule mimi huku, na nilikuwa nimefika katikati ya chumba ndipo alipoacha kazi akawa ananitazama. Nikamwuliza vipi, nimekosea tena?

Akanionesha kwa kidevu. Mimi ni mtu wa mkono wa kulia tangu nizaliwe, hata ufagio wa kushoto siuwezi. Lakini mkono uliokuwa unasukuma ulikuwa wa kushoto, na michoro imelala sawasawa, mmoja kando ya mwingine.